Watu sita, boti na ala ya kanuni: kisa cha familia ya Moshi iliyopanga likizo kulifuata tamasha la Sauti za Busara

## Familia yenyewe

Napanga safari za familia, za ndani ya nchi tu, niko Arusha na wateja wangu wengi ni wa hapa mjini na wa Moshi. Familia ya kisa hiki ni ya Moshi na wamenikubalia niandike ili mradi nisitaje majina, mtaa, shule wala mwaka, kwa hiyo humu ndani nitawaita baba, mama, binti, kaka, mdogo na bibi. Baba ni mtu wa ofisini, mama ana duka la vitambaa. Wakati wa safari binti alikuwa Form Two, kaka darasa la tano, mdogo ana miaka sita ndo kwanza kaanza la kwanza. Bibi ni mama yake baba, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Uchagani zamani, kashapita 70 na miguu inamsumbua.

Aliyeanzisha yote ni binti. Anapiga gitaa kwaya ya kanisani, na kuna siku alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba toka azaliwe hajawahi kuona watu wazima ambao kazi yao ni muziki wakipiga live, ameona kwenye simu tu. Mama akanipigia mwezi wa nne, "Dada, huyu mtoto ananiumiza kichwa na tamasha, na mimi likizo yangu nataka wote twende, sitaki mmoja abaki, hata mama mkwe wangu namtaka. Inawezekana?"

Nikamjibu inawezekana ila nipe wiki mbili. Kiukweli safari ya watu wa umri tofauti namna hii kwenda kwenye tamasha la muziki ni ngumu kuliko safari ya mbugani, kwa sababu mbugani wote mnakaa kwenye gari moja na mnaona tembo mmoja, ila tamasha linaanza jioni linaisha usiku mkubwa na mtoto wa miaka sita usiku mkubwa ni wa kulala.

## Tarehe kwanza, mahali baadaye

Watu wengi wanaanza na mahali. Mimi nilimwambia mama aniletee kalenda ya shule za watoto wote watatu na aniambie nani ana mtihani wa taifa mwaka gani, kwa sababu tarehe ya tamasha haisogezwi na tarehe ya mtihani haisogezwi, vingine vyote vinasogea.

Tulikuwa na matamasha mawili mezani. La kwanza ni la Bagamoyo, lile la Chuo cha Sanaa ambacho siku hizi ni TaSUBa, ngoma, maigizo, sarakasi na muziki, na kwa mtu wa Moshi ndo rahisi kabisa kufika maana huhitaji kuingia Dar, unashuka Msata baada ya kupita daraja la Wami halafu unakata na barabara ya lami mpaka Bagamoyo, kama kilometa 64. Na ukiwa pale kuna magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, kuna misheni ya 1868, kuna ngome na boma la Wajerumani, yaani mchana una pa kwenda bila kutumia hela nyingi. Tatizo ni kwamba linafanyika kati ya mwezi wa tisa na wa 11 kutegemea mwaka, mara nyingi wa kumi au wa 11. Mwaka ule kaka alikuwa darasa la nne, upimaji wao ni mwezi wa kumi. Mwaka unaofuata binti angekuwa Form Two, nao wanafanya huo huo muda. Kwa hiyo Bagamoyo ilikufa kwa miaka miwili mfululizo, na mama alisikitika sana maana moyo wake ulishakaa huko.

La pili ndo Sauti za Busara, Mji Mkongwe, Unguja, kila Februari toka 2004, ukitoa 2016 ambapo halikufanyika. Februari hakuna mtihani wa taifa, masika hayajaanza, ila shule zimefunguliwa. Tamasha la mwaka wao lilikuwa Ijumaa mpaka Jumapili kwa hiyo tungeomba ruhusa ya Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu. Nikamwambia mama aende shuleni mwenyewe na barua, mapema, Januari shule ikifunguliwa tu, asisubiri wiki ya safari na asiseme uongo kwamba kuna msiba. Wamama wengi wanadanganya msiba halafu mtoto anarudi na picha za baharini anawaonyesha wenzie. Aliandika ukweli kwamba binti anajifunza muziki na familia inakwenda kumwonyesha, akakubaliwa kwa sharti watoto wakope madaftari wanakili walichokosa.

Kitu kingine nilichoangalia ni Ramadhani, na hili wenzangu wa huku bara tunalisahau. Ramadhani inarudi nyuma siku kama kumi au 11 kila mwaka, na ikiangukia Februari Unguja mchana sehemu nyingi za kula zinafungwa, na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji heshima. Mwaka wao ilikuwa bado. Ila nyie mnaopanga miaka hii, Februari 2027 mwezi unaandama humo humo, angalieni kabla hamjalipa kitu.

## Jaribio la Chemka

Hiki ndo kitu ninachojivunia zaidi kwenye kisa hiki. Desemba, kabla ya kukata tiketi hata moja, niliwaambia waende Chemka siku nzima, wote sita, watoke asubuhi warudi usiku, na mama aandike kwenye simu kila saa nani yuko kwenye hali gani. Chemka ni chemchemi ya kuogelea, hapo Hai tu, unaingilia Boma Ng'ombe, maji yanaonekana mpaka chini, kiingilio hakiumizi. Lengo halikuwa kuogelea, lengo lilikuwa kuijua familia.

Mama alinitumia notisi zake usiku ule. Saa tano wote wazima. Saa saba kaka ananuna, kumbe njaa. Saa nane mdogo kalala juu ya mkeka na hakuna wa kumwamsha, kaamka saa kumi akiwa mpya kabisa mpaka saa tatu usiku. Bibi hakuweza zile njia za mizizi na mawe, alikaa sehemu moja, na akasema maneno ambayo mama aliyaandika kama yalivyo, "Mimi nikikaa pazuri naweza kukaa mpaka kesho, msinitembeze tu." Binti hakuogelea kabisa, alikaa na vijana waliokuwa na spika anasikiliza.

Kwa hiyo tulikuwa na majibu. Usingizi wa mchana ni lazima, chakula kabla ya saa saba, bibi akae karibu na pasiwe na ngazi, na binti ana ratiba yake tofauti na wenzake.

## Maamuzi na sababu zake

Tiketi. Baba alitaka wote sita wawe na pasi ya siku tatu, alisema hataki mtu ajione kabaguliwa. Mimi nikakataa, tukabishana kwenye simu karibu nusu saa. Mwisho tukakubaliana baba na binti pasi ya siku tatu, wengine wote tiketi ya Jumamosi tu. Tulichagua Jumamosi baada ya ratiba ya wasanii kutoka kwa sababu siku hiyo taarab asilia ilikuwa imewekwa jioni mapema, na bibi ni mtu wa Tanga wa enzi za Black Star, kikundi alichokuwa anaimbia Shakila. Mtanzania analipa bei yake, nafuu kabisa ukilinganisha na mgeni wa nje, ila beba kitambulisho, na watoto bebeni hata kopi za vyeti vya kuzaliwa maana bandarini nako vinatakiwa.

Pa kulala. Sisi wa huku tunajua wikiendi ya Kilimanjaro Marathon gesti za Moshi zinavyojaa na bei zinavyopanda, Mji Mkongwe wakati wa Busara ni hivyo hivyo. Tukaepuka Mji Mkongwe wenyewe. Tukapata nyumba ya vyumba viwili upande wa Ng'ambo, ghorofa ya chini, ina jiko, laki moja na kumi kwa usiku, tukalipia usiku nne kuanzia Alhamisi. Jiko ndo lililonifanya niichague, mama wa Kichaga na watoto watatu kwenye mji wa watalii bila jiko utalipa chai peke yake hela ya mchele wa wiki.

Njia. Ndege ya KIA kwenda Unguja ni kama saa moja tu hewani, ila kwa vichwa sita bajeti ilikuwa inakwisha kabla hawajala. Treni tuliifikiria, ile iliyorudi Moshi 2019, siku zake hazikukubali. Tukabaki na basi halafu boti. Plani ikawa basi la saa 12 asubuhi Alhamisi, Mbezi saa nane mchana, boti ya mwisho saa kumi jioni. Baba ndo alipendekeza, mimi nikakubali. Nilitakiwa nikatae.

Hela. Waliweka laki tatu kila mwezi kuanzia Mei mpaka Januari, miezi tisa, milioni mbili na laki saba. Mama aliziweka kwenye laini tofauti ya simu ambayo namba yake ya siri alikuwa nayo bibi.

## Ilivyokwenda

Alhamisi. Basi halikuondoka saa 12, liliondoka saa moja. Hapo hapo plani ilishakufa ila hakuna aliyejua. Mizani, kula Korogwe, askari wa hapa na pale, wakaingia stendi ya Magufuli pale Mbezi saa tisa na dakika 40. Dakika 20 kutoka Mbezi mpaka bandarini ukiwa na mabegi saba, bibi na mtoto, hata barabara iwe tupu haiwezekani, na barabara haikuwa tupu. Mama alinipigia akiwa kwenye teksi maeneo ya Magomeni, sauti yake bado naikumbuka, hakunilaumu, aliniuliza tu, "Dada, tufanyeje?" Nikamwambia msikimbie tena, geuzeni Kariakoo mtafute gesti, mle, mlale, nitaongea na watu wa boti. Vyumba viwili elfu themanini. Kubadilisha tiketi za boti elfu sitini. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba mpaka viatu havivuki, mama akampandishia juu ya mito miwili na kumkanda na maji ya chumvi.

Ijumaa. Boti ya saa moja asubuhi, Unguja saa tatu. Joto. Nataka niliseme hili vizuri kwa sababu nilikuwa nimeliandika kwenye mpango ila kwa mstari mmoja tu: Februari ni kaskazi, Unguja inachoma, na mtoto aliyekulia chini ya Mlima Kilimanjaro hajui kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Kaka aliumwa kichwa mchana kutwa. Walilala wote mpaka saa tisa alasiri.

Jioni wakashuka Forodhani kuyawahi maandamano ya ufunguzi, na hayo hayalipiwi, ni barabarani. Beni imetangulia, matarumbeta na ngoma, nyuma watu wa sarakasi na vikundi vya ngoma. Mdogo alipanda mabegani kwa baba yake na hakushuka. Mama anasema hapo ndo ile hasira ya Alhamisi ilimtoka. Wakala urojo na mishikaki pale bustanini, wanne wakarudi nyumbani saa mbili na nusu, baba na binti wakaingia Ngome Kongwe, kwenye tamasha lenyewe, wakakaa mpaka saa saba usiku.

Jumamosi. Asubuhi Changuu kuona kobe, wale wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli na wengine wamevuka miaka mia. Bibi alibaki nyumbani kwa hiari yake, akapika. Saa sita walisharudi. Saa nane mpaka saa kumi na nusu nyumba nzima mapazia yamefungwa watu wamelala, hata binti ambaye alisema yeye si mtoto, alilala kuliko wote.

Saa 12 jioni wote sita walikuwa ndani ya Ngome. Mama alitafuta sehemu ya ukutani mbali na spika, akatandika kanga mbili juu ya majani, akamziba mdogo masikio na pamba. Bibi akapewa kiti na kijana mmoja wa pale baada ya kumwamkia, hakuna aliyemwomba. Taarab ilivyoanza, udi, fidla, akodiani, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi ya kulaza mapajani, dumbaki chini yake, bibi hakusema kitu. Alikuwa anapiga vidole kwenye goti, na kile kibangili cha tiketi kinachezacheza mkononi. Wimbo wa tatu akaanza kuimba kwa sauti ya chini, maneno yote anayajua. Baba ana miaka arobaini na kitu na hakuwahi kumsikia mama yake akiimba kitu zaidi ya nyimbo za kanisani. Alitoka nje kidogo, alirudi baadaye.

Walipomaliza, binti alimshika bibi mkono wakaenda mpaka pembeni ya jukwaa kwa yule mzee wa kanuni aliyekuwa anafunga vyombo. Bibi akasalimia, akasema huyu mjukuu wangu anapiga gitaa, anataka kuona. Mzee akailaza kanuni mapajani upya. Nyuzi zaidi ya sabini, zimekaa tatu tatu kwa kila sauti, na pembeni kuna vichuma vidogo vya kupandisha na kushusha. Akavua pete yake ya kupigia, ile ya chuma inayoshika kijiti kwenye kidole cha shahada, akamvisha binti. Ilikuwa kubwa, akaikaza kwa kipande cha karatasi ya ratiba. Binti akapiga mara tatu. Huo muda wote haukufika dakika kumi.

Saa tatu na nusu mama, bibi, kaka na mdogo wakaondoka, mdogo akiwa ameshalala juu ya kanga na dunia nzima inapiga kelele.

Jumapili. Hapa tuliharibu. Niliwawekea gari ya kuwapeleka shamba la viungo Kizimbani asubuhi, Jozani mchana kuwaona kima punju, halafu Paje kuoga. Kwenye karatasi ilikaa vizuri kwa sababu kila kimoja kipo. Kaka alitapika njia ya kwenda Jozani, bibi aliyekubali kuja kwa kuwa ni gari alikaa kwenye gari zaidi ya kukaa chini, Paje walifika saa tisa maji yameshakupwa wakatembea mbali kufuata bahari. Wakarudi mjini saa moja na nusu usiku. Mpiga gitaa ambaye binti alikuwa amemzungushia duara kwenye ratiba toka Ijumaa alikuwa amepanda saa 12 na nusu. Walipofika Ngome mtu anashuka jukwaani. Binti hakulia, alisema "sawa baba", na baba anasema hiyo sawa ilimuuma kuliko angelia.

Jumatatu. Boti ya mchana, halafu basi la usiku maana mabasi ya usiku yamerudi toka 2023, Moshi alfajiri ya Jumanne. Ruhusa ya shule ilikuwa inaishia Jumatatu, mama akawapumzisha mpaka Jumatano bila kuuliza, mwalimu hakufurahi, akapiga simu na mama aliomba radhi.

## Hesabu

Basi kwenda na kurudi 480,000. Boti 370,000 na ile 60,000 ya kubadilisha. Kulala Unguja 440,000 na Kariakoo 80,000. Tiketi za tamasha pamoja na viingilio vyote 290,000. Gari, teksi na boti ya Changuu 310,000. Chakula 650,000. Dawa, maji, zawadi na madogodogo 210,000. Jumla milioni mbili laki nane na elfu tisini, yaani walizidisha laki moja na tisini. Ukijumlisha gesti ya Kariakoo, kubadilisha tiketi za boti, na teksi na chakula cha usiku ule kama elfu hamsini, unapata ile ile laki moja na tisini. Boti iliyowaacha ndo iliyowavusha bajeti, hakuna kingine. Na usiku wa Alhamisi Unguja walishaulipia bila kuulalia.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Chemka ilifanya kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu na wateja. Usingizi wa saa nane ulitoka kule, ghorofa ya chini ilitoka kule, na Jumamosi ilikaa sawa kwa sababu iliigwa kutoka kule. Familia ikiniuliza wataweza kukaa tamashani saa ngapi sikisii tena, nawatuma Materuni au Chemka au Ziwa Chala kwanza, siku nzima, na simu ya kuandikia.

Kugawa tiketi nako kulifaa. Baba alipokuja kunisimulia alisema kama angewalipia wote siku tatu angewalazimisha kukaa, kwa sababu mtu akishalipa anataka ale mpaka mfupa. Wale wanne walikuwa na usiku mmoja tu, wakaufika wakiwa wameshiba na wamelala. Usiku mmoja uliopumzikiwa unamtosha mtoto wa miaka sita na unamtosha bibi.

Na bibi mwenyewe. Mwanzoni kwenye hesabu zangu nilimweka kama mtu wa kuhudumiwa, pa kukaa, dawa, ngazi. Sikufikiria kwamba yeye ndo mwenye ufunguo wa muziki ule. Binti peke yake asingemsogelea yule mzee, angeona aibu, na baba asingejua aseme nini. Bibi alisalimia kwa salamu za pwani na mlango ukafunguka. Siku hizi nikipewa familia yenye mzee nauliza swali moja la nyongeza, mzee alikuwa anasikiliza nini ujanani, halafu naangalia ratiba kwa jicho lake.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Boti ni kosa langu. Sababu si lile basi kuchelewa saa moja, mabasi yanachelewa. Sababu ni kuunganisha kilometa zaidi ya 500 za barabara na boti ya mwisho ya siku. Ukiunganisha na boti ya kwanza au ya pili, ukichelewa unapanda inayofuata. Basi la usiku wa Jumatano lingewafikisha Dar alfajiri, wanapumzika, wanakula, wanavuka mchana wa Alhamisi, usiku wa Unguja hawaupotezi na miguu ya bibi inapata siku nzima kabla ya tamasha. Niliogopa basi la usiku kwa ajili ya mtoto na bibi, na kumbe wakati wa kurudi walilipanda na ndo safari pekee ambayo mdogo alilala mwanzo mwisho. Sharti moja tu, mkalie siti za mbele na bibi akae siti ya njiani anyooshe mguu.

Jumapili ni kosa letu sote. Niliwapangia vivutio vitatu kwa sababu niliona aibu watu watoke Moshi mpaka Unguja wasione Jozani. Nilisahau safari hii ilianza kwa ajili ya nini. Kwenye siku ya tamasha nilitakiwa kuanza na saa ambayo mpiga gitaa anapanda, nirudi nyuma, saa 11 watu wawe wameoga, saa nane wamelala, saa saba wamekula, kwa hiyo kinachobaki ni asubuhi, na asubuhi inabeba kitu kimoja. Kizimbani peke yake ingetosha, ni karibu na mjini, mtoto anashika mdalasini kwenye mti wake, bibi anakaa kivulini. Paje waiache. Au kama bahari ndo wanaitaka sana basi waongeze Jumatatu nzima ya bahari na kurudi Jumanne, na ruhusa ya shule iombwe hivyo toka Januari.

Hilo la ruhusa na lenyewe nililikosea. Nilihesabu siku za safari sikuhesabu siku ya kuchoka. Mwalimu alikuwa mwema, akaona kama amechezewa.

Joto niliandika mstari mmoja, sasa hivi ni ukurasa: chupa ya maji kila mtoto na jina lake, chumvi na sukari za kuchanganya, nguo nyepesi ila zinazofunika mabega na magoti maana Mji Mkongwe watu wanaishi, si ufukweni, na hakuna kutoka saa sita mpaka saa tisa.

## Walipo sasa

Mama ameanza tena kuweka laki tatu. Mwakani binti atakuwa Form Three, kaka la sita, mdogo la pili, hakuna mwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo Bagamoyo imefufuka. Basi la usiku, wanashukia Msata, na asubuhi moja tu ya Kaole kabla ya jua kukaza. Binti ameniomba nimtafutie kama kuna mtu Moshi au Arusha anayefundisha kanuni, bado natafuta. Ile karatasi ya ratiba iliyokazia pete anayo kwenye begi la gitaa, na bibi anamwimbia zile nyimbo jikoni ili azitafute kwenye nyuzi sita.